Mtoto Anapokwama Kwenye Mafunzo ya Choo: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Mafunzo ya choo yanapokwama, lawama ya kwanza humwangukia mtoto: husemwa kuwa ni mkaidi, ni mvivu, au anadeka. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza na dalili, yaani kile ambacho mzazi anakiona kwenye nguo, kwenye poti na usoni mwa mtoto, kisha unatafuta chanzo kwanza mwilini, halafu katika mazingira, na mwisho kabisa katika tabia. Mpangilio huo una sababu yake. Mengi yanayoitwa ukaidi yana choo kigumu nyuma yake, na mtoto anayeumia hafundishiki kwa zawadi wala kwa vitisho mpaka maumivu yaondoke.

Kabla ya kubadilisha chochote, weka kumbukumbu ya maandishi kwa siku chache. Andika saa alizokojoa, kama nguo ililowa kidogo tu au chapachapa, siku alizopata haja kubwa, umbo la kinyesi, na alichokuwa akifanya muda mfupi kabla ya kujichafua. Kuhusu umbo la kinyesi, wahudumu wa afya hutumia kipimo cha Bristol, kilichochapishwa mwaka 1997, ambacho kina aina 7. Aina ya 1 na ya 2 ni vidonge vikavu vilivyoachana au gogo lenye mabonge, na hizo ndizo dalili za choo kigumu. Aina ya 3 na ya 4 ni za kawaida. Kuanzia ya 5 kinyesi hulegea mpaka kufikia kuhara kwenye aina ya 7. Mtoto anayejifunza choo anahitaji kinyesi laini kinachotoka bila kusukumwa kwa nguvu, kwa hiyo ukiona aina ya 1 au ya 2 mara kwa mara, soma kwanza sehemu zinazohusu haja kubwa hata kama kinachokusumbua ni mkojo.

Hajali kabisa, hata akiwa amelowa

Chanzo cha kawaida ni kwamba wakati wake haujafika. Watoto wengi huonyesha utayari kati ya miezi 18 na miaka 3, na tofauti kati ya mtoto mmoja na mwingine ni kubwa hata ndani ya familia moja. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha taarifa za watoto 1,170 waliofundishwa kwa kufuata utayari wao wenyewe, na wastani wa umri wa kumudu mchana ulikuwa miezi 28.5. Huo ni wastani tu, kwa maana kwamba watoto wengi wazima wa afya walimudu baada ya hapo.

Utayari hauonekani kwenye tarehe ya kuzaliwa bali kwenye mambo ambayo mtoto anayaweza. Anaweza kukaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, kutembea mpaka kwenye poti na kukaa bila kuyumba, kushusha suruali yake kwa msaada kidogo, kufuata agizo lenye hatua mbili, na kuonyesha kwa neno, kwa ishara au kwa kujificha kwamba anajua kinachotokea mwilini mwake. Mtoto anayekwenda nyuma ya mlango kila anapotaka kujisaidia ameshapiga hatua muhimu, kwa sababu anaihisi haja kabla haijatoka. Ikiwa karibu yote hayo hayapo, sitisha mafunzo kwa mwezi mmoja mpaka mitatu, uliache poti mahali anapoliona, na usilizungumze kwa ugomvi. Kusitisha si kushindwa. Mara nyingi huokoa miezi ya mvutano.

Kuna chanzo kingine ambacho ni rahisi kukisahau. Nepi za kutupa hunyonya mkojo haraka kiasi kwamba mtoto haupati ubaridi wa kulowa, na hivyo haunganishi hisia ya kibofu kilichojaa na maji yanayofuata. Saa chache za kuvaa chupi ya kitambaa akiwa nyumbani humpa taarifa ambayo nepi ilikuwa ikimnyima. Mtoto aliyechelewa kuongea naye anaweza kujifunza. Apewe ishara moja ya mkono au picha ya choo, mradi kila anayemlea atumie ishara hiyo hiyo.

Anakaa kwenye poti bila kutoa kitu, kisha anakojoa mara tu anapoinuka

Hili huwaudhi wazazi kuliko karibu kila jambo jingine, nao hulichukulia kama dharau. Ukweli ni kwamba linaonyesha uwezo. Mtoto huyu tayari anaweza kuzuia mkojo. Asichokijua bado ni kulegeza. Msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea mwili unapotulia, na mtoto aliyekaa huku akitazamwa na kuhimizwa hawezi kutulia. Anapoinuka na macho ya watu kumwondokea, msuli unalegea wenyewe.

Anza na mkao. Nyayo zake zikae juu ya kitu kigumu, magoti yawe juu kidogo ya nyonga, na mwili uinamie mbele. Poti la chini hutoa mkao huu bila kazi yoyote, ilhali choo cha kukaa cha watu wazima huacha miguu ikining'inia na kumlazimisha mtoto kujishikilia kwa mikono asitumbukie. Mtoto anayejishikilia amekaza misuli ile ile inayotakiwa kulegea. Kigoda cha kuwekea miguu na kiti kidogo cha kupunguza tundu hutatua shida hiyo. Penye choo cha kuchuchumaa, tundu lenye upana unaomlazimu mtoto kutanua miguu sana humtia hofu, hivyo ni vyema amudu poti kwanza. Wavulana nao waanze kwa kukaa, kwa sababu haja zote mbili huja pamoja mara nyingi, na mvulana anayezoea kusimama mapema huweza kusahau kukaa kwa ajili ya haja kubwa.

Kisha angalia saa. Madaktari hukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto kwa kuongeza 1 kwenye umri wake wa miaka na kuzidisha kwa mililita 30, hivyo mtoto wa miaka 4 ana nafasi ya takriban mililita 150. Ukimkalisha kila nusu saa unamwomba atoe kitu ambacho bado hakijakusanyika, na baada ya majaribio kadhaa matupu anahitimisha kwamba poti ni mahali pa kukaa bure. Mkalishe baada ya kuamka, baada ya kula, kabla ya kutoka nyumbani, na kila baada ya saa mbili hivi akiwa macho. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa mkojo. Mpe kitu cha kupuliza, kama mapovu ya sabuni, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoa hulegeza misuli ya chini ya nyonga. Usimwulize kama anataka kukojoa, maana jibu la mtoto anayecheza ni hapana. Mwambie kwa utulivu kwamba sasa ni wakati wa poti.

Anakojoa kwenye poti, lakini haja kubwa anataka nepi

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu hatua moja ya haraka inaweza kuzaa tatizo la miezi mingi. Mtoto wa namna hii huwa amemudu mkojo vizuri, lakini akihisi haja kubwa anadai nepi, anaivaa, anakwenda pembeni kusimama, na anamaliza. Nyuma ya hali hiyo huwa kuna mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu ya kinyesi kigumu kilichomuumiza siku moja, pengine kwa kuchana ngozi ya njia ya haja kubwa na kuacha michirizi ya damu. La pili ni mazoea: tangu azaliwe amejisaidia akiwa amebanwa na kitambaa, akiwa amesimama au amechuchumaa, na kukaa wazi juu ya tundu ni jambo geni kabisa kwa mwili wake.

Wazazi wengi hufikia uamuzi wa kuzitupa nepi zote ili mtoto asiwe na njia nyingine. Nashauri kwa dhati jambo hilo lisifanyike. Mtoto aliyenyimwa nepi hatumii poti, anabana. Kinyesi kinachobanwa hubaki kwenye utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji, hivyo kila siku inayopita hukifanya kiwe kikavu na kikubwa zaidi. Kinapotoka kinaumiza, na maumivu yanamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kubana. Mzunguko huo ukishajengeka, mazungumzo hayauvunji.

Jifunze kutambua kubana, kwa sababu hufanana sana na kusukuma. Mtoto anayebana husimama kwa ncha za vidole, hukakamaza miguu, huipishanisha, hukaza makalio, huegemea ukuta au meza, na uso wake huwa mwekundu. Mama humwambia muuguzi kwamba mtoto anajikamua na choo hakitoki, kumbe anatumia nguvu zake zote ili kisitoke. Anayesukuma kweli hukunja magoti na kuinama, wakati anayebana hunyooka.

Hatua ya kwanza ni kulainisha kinyesi, ikiwa ni pamoja na kumwona mhudumu wa afya kwa ajili ya dawa ya kulainisha choo pale ambapo maji, matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa havijatosha. Mwache aendelee kutumia nepi mpaka apitishe kinyesi laini bila woga kwa majuma kadhaa. Baada ya hapo msogeze kidogo kidogo: aombe nepi lakini aitumie akiwa ndani ya chumba cha choo, kisha aitumie akiwa amekaa kwenye poti na nepi imefungwa, kisha nepi ilegezwe, kisha ikatwe tundu katikati au itandazwe tu ndani ya poti, na mwisho iondolewe. Kila hatua idumu mpaka aifanye bila wasiwasi, na akikataa hatua mpya, rudi kwenye iliyotangulia bila maneno. Wengine huruka hatua mbili kwa siku moja, wengine hukaa kwenye hatua moja kwa wiki kadhaa, na wote hufika.

Chupi ina madoa ya kinyesi kila siku, au kinatoka cha majimaji bila yeye kujua

Dalili hii hufasiriwa kinyume kuliko zote. Inaonekana kama kuharisha, na mtoto hupewa dawa ya kuzuia kuhara, au inaonekana kama uchafu wa makusudi, na mtoto huadhibiwa. Katika visa vingi hakuna kuharisha wala makusudi. Kinyesi kigumu kimejikusanya sehemu ya mwisho ya utumbo na kuutanua, na kile cha majimaji kinachotoka juu kinapenya pembeni mwa bonge hilo na kuvuja. Ukuta wa utumbo uliotanuka kwa muda mrefu hupoteza hisia ya kujaa, hivyo mtoto hahisi kinapotoka, na kwa kuwa anaishi na harufu hiyo kutwa, pua yake haiitambui tena. Anaposema hakujua, anasema kweli.

Thibitisha kwa kuangalia mambo haya: kupata choo chini ya mara tatu kwa wiki, kinyesi kikubwa kupita kiasi kwa umri wake, tumbo lililojaa au lenye uvimbe mgumu upande wa chini, hamu ya kula inayopungua na kurudi baada ya choo kikubwa, na maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Kwenda choo kila siku hakufuti uwezekano huu, kwa sababu mtoto anaweza kutoa vipande vidogo kila siku huku sehemu kubwa ikibaki ndani.

Matibabu yana awamu mbili, na zote mbili zinahitaji daktari. Awamu ya kwanza ni kulisafisha bonge, kwa kawaida kwa dawa ya kunywa kama poliethilini glaikoli au laktulosi. Katika siku hizo uchafuzi huongezeka kabla ya kupungua, na mzazi asiyeambiwa hivyo huiacha dawa akidhani inamdhuru mtoto. Awamu ya pili ni kuendelea na dozi ya kudumisha ulaini kwa miezi, mpaka utumbo urudie upana wake na hisia yake. Hapa ndipo matibabu mengi huharibika: mtoto anapata nafuu, dawa inaachwa baada ya wiki mbili, na baada ya muda mfupi kila kitu kinarudi mwanzo. Dozi ipunguzwe taratibu kwa ushauri wa daktari, isikatwe ghafla. Maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi ni muhimu katika kuzuia, lakini peke yake haviondoi kinyesi kilichokwisha kugandamana. Maziwa ya ng'ombe yakizidi na kuchukua nafasi ya chakula kingine, yapunguzwe. Kutia kitu njia ya haja kubwa nyumbani, iwe kidole, sabuni au maji, kuepukwe, kwa kuwa huongeza hofu ile ile iliyoanzisha kubana.

Sambamba na dawa, mkalishe kwenye choo dakika 15 hadi 30 baada ya mlo, kwa dakika 5 mpaka 10, kila siku kwa saa zile zile. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana husisimka na kuanza kusukuma, na hiyo ndiyo saa ambayo mwili unasaidia. Msifu kwa kukaa na kujaribu. Sifa au zawadi inayotegemea kutoa kinyesi inamlipa mtoto kwa jambo ambalo halimo mikononi mwake kikamilifu, na siku kisipotoka anahisi ameshindwa.

Analowa kidogo kidogo mchana, au anakimbilia choo kila mara

Chunguza kwanza haja kubwa, hata kama umeshachoka kulisikia jambo hilo. Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, hukipunguzia nafasi na kukizuia kumwaga mkojo wote, na watoto wengi huacha kulowa mchana baada ya choo kigumu kutibiwa bila hatua nyingine yoyote.

Ikiwa haja kubwa iko sawa, tazama anavyoenda chooni. Anayecheza mpaka dakika ya mwisho, akibana miguu, akirukaruka au akikalia kisigino, anachelewesha; huyu anahitaji saa maalumu za kwenda na nguo anazoweza kuzivua mwenyewe kwa sekunde chache, zenye mpira kiunoni badala ya vifungo na mkanda. Anayelia anapokojoa, mwenye homa, maumivu ya tumbo la chini, mkojo wenye harufu isiyo ya kawaida, usio angavu au wenye damu, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, na kinachohitajika ni kipimo cha mkojo. Mtoto mdogo anaweza kuonyesha homa au kutapika tu, bila malalamiko yoyote kuhusu mkojo. Maambukizi haya huwapata zaidi wasichana, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Wafundishwe kuchamba na kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Msichana ambaye chupi yake hulowa dakika chache baada ya kutoka chooni, ilhali katikati ya safari zake hubaki mkavu, pengine hukaa huku amebana mapaja, na sehemu ya mkojo huingia ukeni na kudondoka anaposimama. Tiba yake ni mkao: chupi ishushwe mpaka kwenye vifundo vya miguu, magoti yaachane, ainamie mbele, na asubiri kidogo kabla ya kuinuka.

Kuna pia mtoto anayeanza ghafla kukojoa kila baada ya dakika 10 au 20, matone machache tu, bila maumivu, lakini akilala hana shida. Baada ya kipimo cha mkojo kuonyesha kuwa hakuna maambukizi wala sukari, hali hii huwa haina madhara na hupita yenyewe kwa wiki au miezi, hasa watu wanapoacha kuizungumzia.

Usimpunguzie maji. Mkojo mzito huchokoza kibofu na upungufu wa maji hukausha kinyesi, hivyo mzazi anayenyima maji ili nguo zisilowe huishia na matatizo mawili badala ya moja. Vinavyofaa kuondolewa ni chai, kahawa na soda zenye kafeini.

Anaogopa choo

Mngurumo wa maji, tundu jeusi, au kuona kitu kilichotoka mwilini mwake kikitoweka ni vitisho halisi kwa mtoto wa miaka miwili. Rudi kwenye poti, vuta maji baada ya yeye kutoka chumbani, kisha siku nyingine mruhusu avute mwenyewe akiwa tayari. Hofu hii huisha yenyewe isipolazimishwa.

Alikuwa amemudu, sasa amerudi nyuma

Kwanza kabisa ondoa ugonjwa. Mtoto aliyekuwa mkavu akaanza kujikojolea huku akinywa maji kupita kawaida, akikojoa sana na kupungua uzito, apimwe sukari siku hiyo hiyo, kwa sababu kisukari cha utotoni huweza kumwingiza mtoto katika hatari kubwa kwa muda mfupi. Maambukizi ya mkojo na choo kigumu navyo huanza hivi hivi.

Vyanzo vya mwili vikishaondolewa, angalia kilichobadilika maishani mwake: mdogo wake aliyezaliwa, kuhama nyumba, mlezi mpya, kuanza shule, safari, ugonjwa wa mtu wa karibu. Mtoto anayeona kichanga kikivalishwa nepi na kubebwa anaweza kuomba nepi yake, na ombi hilo linataka ukaribu kuliko linavyotaka nepi. Rudia ratiba ya mwanzo ya kumkalisha, badilisha nguo bila hotuba, na mpe muda wenu wawili kila siku. Kwa kawaida hurudi katika wiki chache. Kama kurudi nyuma kunaambatana na hofu ya ghafla kwa mtu fulani, maumivu au michubuko sehemu za siri, au michezo ya kingono isiyolingana na umri wake, usimhoji kwa mfululizo. Msikilize, mhakikishie kwamba hajakosea, na mpeleke haraka kwa wahudumu wa afya waliozoea kuwalinda watoto.

Adhabu haina nafasi hapa wala penginepo katika mwongozo huu. Kumchapa, kumwanika na shuka lake, au kumwita kikojozi mbele ya wenzake humfundisha kuficha nguo na kubana, na kubana ndiko kunakoleta karibu kila tatizo lililoelezwa hapo juu.

Nyumbani anaweza, shuleni hawezi

Mara nyingi mtoto huyu hukaa kutwa bila kwenda chooni na kulowa akifika mlangoni kwao. Kaione sehemu yenyewe: huenda mlango haufungi, choo ni kichafu, kuna wakubwa wanaomcheka, au sheria inamtaka aombe ruhusa mbele ya darasa. Mwombe mwalimu ampeleke kwa saa maalumu badala ya kumngoja aombe, na hakikisha maneno anayotumia nyumbani kutaja haja zake yanajulikana shuleni pia.

Dalili zisizosubiri

Baadhi ya dalili hazihusiani na mafunzo hata kidogo. Mkojo unaodondoka mfululizo mchana na usiku bila kipindi chochote cha ukavu, mkondo dhaifu au wa kukatika kwa mvulana anayelazimika kusukuma, miguu inayolegea au mwendo uliobadilika, na kibonyeo kirefu au shada la nywele chini ya mgongo vinahitaji uchunguzi wa figo, njia ya mkojo au uti wa mgongo. Vivyo hivyo tumbo lililovimba pamoja na kutapika, damu nyingi kwenye kinyesi, na choo kigumu kilichoanza tangu wiki za kwanza za maisha, hasa kwa mtoto aliyechelewa kupata choo chake cha kwanza baada ya kuzaliwa.

Mchana ni mkavu, usiku analowa

Ukavu wa usiku haufundishwi. Unakuja pale ambapo ubongo unaanza kutoa kwa wingi usiku homoni ya vasopresini, inayopunguza utengenezaji wa mkojo, kibofu kinapoweza kuhifadhi mkojo wa usiku kucha, au usingizi unapoweza kukatizwa na hisia ya kibofu kilichojaa. Mambo hayo hukomaa kwa kasi tofauti, na urithi una nguvu sana: mtoto ambaye mzazi wake alichelewa ana nafasi kubwa ya kuchelewa. Takriban 15% ya watoto wa miaka 5 bado hulowesha kitanda, na kila mwaka karibu 15% ya waliobaki huacha wenyewe. Kabla ya miaka 5 hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Mpaka hapo, weka kifuniko kisichopitisha maji juu ya godoro, mpeleke chooni kabla tu ya kulala, hakikisha anakunywa maji ya kutosha asubuhi na mchana ili asiyafidie jioni, na tibu choo kigumu. Kumwamsha katikati ya usiku kunaokoa shuka la usiku huo tu, na kama kunawachosha nyote hakuna sababu ya kuendelea. Anayekoroma sana na kupumua kwa shida usingizini achunguzwe koo na pua, kwa kuwa mafindofindo makubwa yanaweza kuchangia. Aliyekuwa mkavu usiku kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena apimwe kama ilivyoelezwa kuhusu kurudi nyuma.

Mtoto akishapita miaka 5 na kulowa kukamsumbua yeye mwenyewe, zipo tiba mbili zinazotumika sana. Kengele ya kitanda, inayolia tone la kwanza linapogusa kihisio, huhitaji wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na mzazi lazima aamke naye kila inapolia, kwa sababu mwanzoni watoto wengi huendelea kulala fofofo. Lakini matokeo yake hudumu zaidi baada ya kuiacha. Dawa ya desmopresini hufanya kazi haraka na inafaa kwa safari au kwa familia isiyoweza kuvumilia kengele, ila hutolewa na daktari tu. Mtoto anayeitumia anapaswa kupunguza sana vinywaji kuanzia muda wa saa moja kabla ya kuimeza hadi saa nane baada yake, kwa kuwa maji mengi pamoja na dawa hiyo huweza kushusha chumvi ya damu kwa kiwango cha hatari.